Injini ya dizeli ya pikapu imeanza vituko: uifungue au ufunge nyingine?

Fundi akishafuta mikono kwenye kitambaa akakwambia "mkuu hii injini imekwisha, tafuta nyingine", usikimbilie kutafuta hela, muulize kwanza imekwisha wapi. Injini haifi yote kwa mpigo. Kuna kitu ndani kimeanza, inaweza kuwa hedi (kichwa cha injini), ringi za pistoni, beringi, au hata kitu cha nje kabisa kama nozeli inayopuliza mafuta, na karibu kila kimoja kina namna ya kukipima injini ikiwa bado iko ndani ya gari. Akishindwa kukujibu imekwisha wapi na amejuaje, basi huyo hajapima, amesikiliza tu.

Naongea hivi kwa uchungu. Pikapu yangu ilianza kugonga asubuhi moja, ka ka ka ka, fundi akaweka bisibisi kwenye bloku (mwili wa injini) na mpini sikioni, akasikiliza hata dakika haijaisha, akatikisa kichwa. "Konrodi hiyo." Yaani mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, ule mhimili mkuu unaozunguka chini ya injini. Nikatafuta injini, ikafungwa, ile ya zamani jamaa mmoja akaichukua kwa bei ya chuma chakavu. Miezi kadhaa baadaye namkuta, injini yangu ile ile inamwendeshea pampu ya maji, imetulia kabisa. Namuuliza uliweka konrodi mpya? Ananiangalia, konrodi gani, mimi nilibadili nozeli moja tu. Nozeli moja! Mimi nimelipia injini nzima na siku tisa za kudandia magari ya watu.

Kwahiyo tupitie dalili moja moja, kila dalili inaweza kutoka wapi na unaitofautishaje. Vifaa unavyohitaji ni geji ya kompresheni ya dizeli (ya petroli haikufai, nyingi zinaishia bar 20 hivi na dizeli nzima inapita hapo), geji ya presha ya oili ya kufunga kwa mkono, na kama injini ni ya komon reli (mafuta yanakaa kwenye paipu moja ya presha kubwa na injekta zinaendeshwa na kompyuta) basi mashine ya kusoma kodi za hitilafu, tena ile inayoonyesha data injini ikiwa inawaka na sio kodi peke yake. Fundi asiye na hivi vitu atakwambia sikio linatosha. Langu halikutosha na lake halikutosha.

INAGONGA

Dizeli kwa asili yake inagonga, hasa ikiwa ya baridi, ndo maana watu wanachanganyikiwa. Cha kuangalia ni kugonga kunabadilikaje. Nozeli inayomwaga mafuta badala ya kuyapuliza inagonga kavu na kali kama nyundo ndogo juu ya chuma, mara nyingi na moshi juu yake, na ukikanyaga mafuta kidogo mlio unabadilika au unapotea. Beringi ya konrodi mlio wake ni mzito, unatoka chini kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), unazidi injini ikipata moto maana oili imekuwa nyepesi, na unausikia vizuri zaidi ukipiga resi afu ukaachia ghafla. Pistoni iliyolegea kwenye silinda inapiga asubuhi kisha inatulia ikipata moto, na hiyo unaweza kuishi nayo muda mrefu tu.

Sasa kipimo. Kwa injini za pampu ya zamani, mfano Toyota 3L na 5L au Isuzu 4JA1, injini ikinguruma bila kukanyagwa unalegeza nati ya paipu ya nozeli moja, unafunika na kitambaa, miwani machoni. Silinda hiyo inazimika, injini inatetemeka, unasikiliza. Tuseme umelegeza namba 2 na kugonga kumepotea. Hapa ndo wengi wanakosea, wanasema haya tumeipata, ni konrodi ya 2, wakati nozeli mbovu ya 2 nayo ingenyamaza hivyo hivyo kwa sababu umeikata mafuta. Kwahiyo zima, fungua nozeli ya 2 uipeleke namba 4, ya 4 ilete namba 2, weka pete mpya za chini ya nozeli (washa), kisha washa gari. Kugonga kukihamia 4 ni nozeli, nenda kaipime kwenye benchi. Kukibaki pale pale 2, hapo sasa una haki ya kufungua sampu na kushika konrodi kwa mkono. Saa mbili za kazi, labda tatu kama nati zimeshika kutu.

Kwenye komon reli USILEGEZE paipu hata siku moja injini ikiwa inawaka. Presha kwenye reli inafika bar 1,600 na nyingine zaidi, dizeli inayotoka hapo inapenya ngozi, kwa nje unaona kitundu kama cha sindano na hata hakiumi sana, kumbe ndani nyama inaoza. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kesho. Zima silinda moja moja kwa mashine, na pima pia mafuta yanayorudi kutoka kila injekta (nozeli ya umeme) kwa kuweka vichupa vinne vinavyofanana, injekta inayojaza chupa yake haraka kuliko wenzake ndo mgonjwa.

INAPUMUA, INAKULA OILI, NGUVU HAKUNA

Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa na moto inanguruma, kigeuze ukiweke juu ya tundu bila kufunga. Kikicheza cheza tu, kawaida. Kikirushwa, na moshi unatoka kwa mapigo puf puf puf, kompresheni inavuja kwenda chini. Ila usihukumu hapo hapo. Kwanza angalia mpira wa kupumulia na vali yake kama haijaziba, maana ikiziba hewa yote inatafuta njia hapo juu na kwenye kijiti cha oili. Pili, gari yenye tabo (feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini), tabo iliyochoka inasukuma hewa kwenda kwenye sampu kupitia paipu yake ya kurudishia oili, inafanana kabisa na ringi zilizokufa. Chomoa ile paipu ya kurudishia, ipeleke kwenye chombo kwa muda mfupi huku umeziba tundu la kwenye bloku, uone kama kupumua kumepungua. Hiki kipimo kimeokoa injini nyingi.

Afu pima kompresheni, na upime kwa utaratibu unaoeleweka. Injini iwe na moto, betri imejaa, toa hita plagi zote, zile za kupasha silinda moto wakati wa kuwasha (au nozeli zote kama geji yako inaingilia huko), kata mafuta kwa kuchomoa waya wa kwenye pampu, piga stata mpaka mshale uache kupanda. Stata ikizunguka kivivu namba zote zitakuwa za uongo. Kwa dizeli za zamani za chemba ndogo kwenye hedi, kama zile za familia ya L za Toyota, injini mpya inacheza bar 30 na kidogo, mwisho wa kukubalika ni bar 20, na silinda na silinda zisipishane zaidi ya bar 5. Injini nyingine zina namba zake, angalia kitabu cha injini yako.

Kinachosema zaidi ni mpangilio wa hizo namba. Zote nne zimeshuka kwa pamoja, mfano 22, 21, 22, 21, hiyo injini imezeeka kihalali. Moja iko 12 na tatu ziko 28, hapo injini sio nzee hata kidogo, kuna jambo moja limetokea kwenye silinda moja: vali imeungua, ringi imevunjika au imeganda, pistoni imepasuka. Mbili zinazopakana ziko chini na sawa sawa, gasketi ya hedi imekatika kati yao karibu mara zote.

Ile tabia ya kumwagia oili kidogo kwenye silinda afu kupima tena iache kwenye petroli. Chemba ya dizeli ni ndogo mno, oili yenyewe inajaza nafasi na namba inapanda kwa uongo, ukizidisha unapinda konrodi. Tumia hewa: weka pistoni ya silinda husika juu kabisa vali zote zikiwa zimefunga, ingiza gia na handibreki, sukuma hewa ya kompresa kupitia tundu la hita plagi. Halafu zunguka na sikio. Hewa inalia kwenye ekzosi, vali ya kutolea. Inalia kwenye njia ya hewa upande wa filta, vali ya kuingizia. Inatoka kwenye kifuniko cha oili, ringi au pistoni. Rejeta inatoa mapovu, gasketi au ufa. Vali maana yake ni kazi ya hedi tu, huo uamuzi umeshakuwa mdogo.

MAJI YANAPUNGUA, INACHEMSHA

Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, shika mpira wa juu wa rejeta, mwambie mtu awashe. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata moto, kuna hewa ya silinda inaingia kwenye maji. Maji ya baridi hayawezi kujenga presha yenyewe. Hapo ni gasketi au hedi imepasuka. Mpira ukikaa laini asubuhi na gari inachemsha tu ikipanda mlima na mzigo, tafuta kwanza nje: rejeta imeziba kati, feni ya kilachi imechoka, themostati, wota pampu, au hata mfuniko wa rejeta usioshika presha. Nimeona hedi imeshushwa ikasagwa ikarudi, gari ikaendelea kuchemsha, tatizo ni matope katikati ya rejeta na kondensa ya AC ambayo hakuna aliyetoa kuangalia.

Oili kwenye maji au maji kwenye oili, watu wanaruka moja kwa moja kwenye hedi. Subiri. Dizeli nyingi zina kula (kipoza) ya oili pembeni ya bloku, oili inapita upande mmoja na maji upande wa pili wa bati jembamba. Bati likitoboka, injini ikiwa inawaka presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwahiyo oili inaenda kwenye maji, utaona kopo la maji limejaa uji wa kahawia wakati kijiti cha oili bado kiko safi. Ukiona hivyo na mpira wa rejeta hauna presha ya ajabu, anza na kula ya oili, sio hedi. Na ule utando mweupe chini ya kifuniko cha oili tu, kwa gari inayotembea safari fupi fupi, mara nyingi ni mvuke, ipeleke safari ndefu uangalie tena.

Hedi ikishuka: ipelekwe karakana ya mashine wapime kupinda kwa rula iliyonyooka na fila geji, na wapime ufa kwa presha, sio kwa macho. Ufa mdogo kati ya vali mbili watengenezaji wengine wanauvumilia ukiwa na kipimo fulani, ufa unaoingia kwenye njia ya maji hapana. Kusaga uso kuna mipaka na hedi nyingine haziruhusiwi kusagwa kabisa. Gasketi ya dizeli nayo hainunuliwi kwa jina la injini peke yake, pistoni zinatokeza juu ya bloku kidogo na gasketi inachaguliwa unene kulingana na kutokeza huko, ndo maana ina vitobo au vijino pembeni vya kutambulisha unene. Fundi akinunua yoyote, ama vali zitagonga pistoni au kompresheni itashuka na asubuhi gari haiwaki, afu atakwambia unaona, nilikwambia injini imekwisha. Boliti za hedi za kukaza kwa nyuzi (digrii) weka mpya.

Kama ilichemsha mpaka ikazima yenyewe na baadae ikagoma kuzunguka, usijipe moyo na hedi tu. Pistoni zimeshakwaruza silinda. Ukiwa umeshafungua hedi shusha pistoni chini uangalie ukuta wa silinda na tochi, mikwaruzo inayoshika kucha ni kuchonga silinda au kuweka slivu (ganda la silinda) mpya.

TAA YA OILI

Inawaka injini ikiwa ya moto na imesimama, ukikanyaga inazima. Toa sensa, funga geji ya mkono. Kwa dizeli nyingi za hizi pikapu ukiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika unataka kuona bar 2.5 kwenda juu, ikinguruma bila kukanyagwa hata 0.3 vitabu vya Toyota vinakubali ingawa mimi nikiona chini ya 1 silali. Geji ikisema sawa, ni sensa, umeponea. Ikisema chini, shusha sampu uangalie chujio la kuvutia oili kabla hujasema beringi. Kwenye injini za Toyota 1KD-FTV na 2KD-FTV hii inajulikana sana: washa za chini ya injekta zikivuja, moshi wa mlipuko unashuka kwenye oili, masizi yanajenga na kuziba lile chujio, pampu inakosa cha kuvuta na beringi zinakufa kwa kiu. Ukiwahi, ni kusafisha na kubadili washa. Ukichelewa ndo krankshafti.

Ukishashusha sampu, toa kepi moja ya konrodi, ile ya mlio au yoyote. Beringi ya kijivu iliyofifia sawa sawa ni uzee. Rangi ya shaba ikitokea, imekwisha ila krank inaweza kupona. Beringi imezunguka kwenye nyumba yake, imebanana imekuwa karatasi, krank ina rangi ya bluu kwa moto, hapo konrodi na krank vyote vimeshaharibika.

Oili inayoongezeka badala ya kupungua na inanuka dizeli: injekta inayovuja au sili ya pampu, na kwa gari zenye chujio la masizi kwenye ekzosi ni ile kazi yake ya kujichoma ikikatizwa katizwa. Usiiendeshe hivyo, oili imekuwa maji, na ikifika kiwango fulani injini inaweza kuila yenyewe ikajipandisha resi usiweze kuizima kwa ufunguo. Ikitokea, ziba njia ya hewa kwa ubao au kitu kigumu, sio kiganja, au ingiza gia kubwa kanyaga breki uachie kilachi.

Moshi kwa haraka: mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, filta, mpira wa intakula (kipoza hewa ya tabo) uliochanika, EGR (vali inayorudisha moshi kidogo kwenye injini) iliyokwama, injekta, kwa nadra sana ni injini yenyewe. Mweupe wa asubuhi unaochoma macho na kuisha baada ya dakika kadhaa, hita plagi au kompresheni inayoshuka, anza na hita plagi ni rahisi. Mweupe usioisha na maji yanapungua, rudi kule kwenye mpira wa rejeta. Bluu ni oili, asubuhi tu ni sili za vali, muda wote ni ringi au tabo.

Haiwaki kabisa na inazunguka vizuri, kwa komon reli angalia presha ya reli wakati wa kupiga stata, isipofika kiwango cha kuruhusu injekta zifunguke, karibu bar 200 kwa injini nyingi, basi tatizo liko kwenye mafuta na injini haina kosa. Haizunguki kabisa, zungusha kwa mkono na spana kwenye puli ya mbele. Ikigoma toa hita plagi uzungushe tena, maji au dizeli iliyojaa silinda itaruka nje, na unaweza kukuta hakuna kilichovunjika.

SASA UAMUZI

Ukishapima, swali linabaki kwenye vyuma viwili, bloku na krankshafti. Hivyo vikiwa vizima mimi natengeneza. Hedi, gasketi, tabo, nozeli, pampu, vali, hizi zote ni za kutengeneza hata kama fundi anakunja uso, ukitupa injini kwa ajili ya hizi unatupa kitu kizima. Krank iliyoumia kidogo inasagwa na kuwekewa beringi nene zaidi za milimita 0.25 au 0.50, ila uliza kwanza kama ya injini yako inaruhusiwa, za kisasa nyingine zimetengenezwa kwa namna ambayo ukisaga unaondoa ugumu wa juu na haichukui muda inakatika.

Bloku imetobolewa na konrodi, bloku ina ufa upande wa maji, nyumba za beringi kubwa zimeharibika, silinda zimeshachongwa mara ya mwisho hazina nyama: tafuta nyingine. Usiunge bloku iliyotoboka ukategemea kubebea mzigo.

Katikati kuna lile eneo la injini iliyozeeka yote, kompresheni imeshuka sawa, presha ya oili ya chini, inakula lita moja kabla ya safari kuisha. Hapa mimi naandika orodha kamili ya ovaholi kabla ya kufungua, pistoni na ringi au slivu, beringi zote, gasketi seti nzima, kazi za karakana ya mashine, pampu ya oili, taimingi, wota pampu, kupima nozeli, ufundi. Jumla ikipita theluthi mbili ya bei ya injini nyingine iliyopimwa, nabadili. Neno ni ILIYOPIMWA. Na ovaholi nusu, ile ya kubadili ringi tu kwenye silinda zilizolika, ni hela ya kuahirisha msiba. Kitu kingine ambacho watu hawahesabu ni kama kuna karakana nzuri ya mashine unayoifikia. Fundi mzuri bila mashine nzuri hawezi kukupa ovaholi nzuri, na kama hakuna basi injini nyingine inashinda hata ikiwa ghali.

Injini utakayoletewa imeoshwa inang'aa, imefungwa nailoni, na huijui historia yake. Ipime kama ulivyopima yako. Izungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili, isikwame popote. Angalia njia za maji, kutu nyekundu nzito maana yake ilikuwa inatembelea maji ya bomba. Silikoni mpya imetokeza kwenye kingo za sampu au kava, imefunguliwa, uliza kwa nini. Omba sampu ishushwe uone chujio na uguse konrodi, muuzaji akikataa mpe pole uondoke. Ikiwezekana ifungiwe stata na betri pale chini upige kompresheni. Na mkubaliane kwa maandishi ukiikuta mbovu baada ya kuifunga inakuwaje.

Aina ipi? Ya aina ile ile siku zote ndo rahisi. Ndani ya familia moja pia inawezekana, 2L, 3L na 5L ni ndugu, 4JA1 na 4JB1 ni ndugu, mauntingi na gia boksi zinaelewana kwa kiasi kikubwa ingawa lazima uhakikishe kipande kwa kipande. Kuruka kutoka pampu ya zamani kwenda komon reli ni safari nyingine kabisa: kontroli boksi (kompyuta ya injini), waya zote, pedali ya umeme, funguo yenye chipu na boksi lake, paipu za mafuta za kurudi, intakula, mara nyingine gia boksi na propela shafti. Injekta za komon reli nyingi zina namba zake zinazoingizwa kwenye kontroli boksi, zikichanganywa gari inagonga na kutoa moshi hata kama kila kitu ni kizima. Nunua na vyote hivyo vikiwa vimekaa pamoja au uache. Na namba ya injini kwenye nchi nyingi imeandikwa kwenye kadi ya gari, shughulikia hilo kabla ya kufunga, na usiguse injini ambayo namba yake imekwanguliwa.

Kabla nyingine haijaingia jibu swali moja, ile ya kwanza ilikufa na nini. Kama ni rejeta iliyoziba, mpya nayo itachemsha. Kama tabo ilivunjika au beringi ilisagika, vipande vya chuma bado viko kwenye intakula, mipira yake na kula ya oili, na kula ya oili haisafishiki ikaaminika, weka nyingine. Tanki la mafuta likiwa na maji na uchafu utaua nozeli nzuri ndani ya wiki. Injini ikiwa bado iko nje weka taimingi belti mpya na tensheni yake, wota pampu, themostati, sili ya nyuma ya krank, na angalia sahani ya kilachi, maana kurudi huko baadae kwa ajili ya sili moja ni kushusha gia boksi upya.

Siku ya kuwasha, jaza oili, kata mafuta, piga stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime au geji ipande, ndipo urudishe mafuta. Kama ni ovaholi usiiache ikinguruma imesimama masaa ukidhani unailea, ringi zinahitaji mzigo wa wastani ili zikae, tembea nayo, badilisha badilisha resi, usivute tela. Oili ya kwanza itoe kwenye kilomita 500 hadi 1,000, ikate filta na msumeno uifungue uitandaze kwenye karatasi nyeupe juani. Vumbi la kijivu la kung'aa kidogo ni kawaida ya vitu vipya kuzoeana. Vipande unavyoweza kuvishika kwa ncha ya kisu, au rangi ya shaba, rudisha gari kwa fundi siku hiyo hiyo na hiyo karatasi mkononi.